Mchanga wa Mwethya wa Kola

Mawakili vijana wa mahakama ya Machakos, pamoja na wewe mbunge mpya uliyenipigia simu juzi, mmeniomba niandike jinsi mtu anavyotoka jeshini akawa wakili, na kutoka uwakili akaingia bungeni. Mnataka kuonyeshwa ngazi. Ngazi mimi sina. Nyota zangu za mabegani zimo sandukuni pamoja na nondo, na mshahara wa bungeni mliusoma wenyewe gazetini mkautukana vya kutosha. Nilicho nacho ni kijito kimoja kisicho na maji huko Kola, na hasira ambayo daktari ameniambia niipunguze. Nimekubali kupunguza chumvi.

Nianze na jeshi, maana sepetu nitakayoitaja sana ilitoka huko. Niliripoti kikosi cha uhandisi nikiwa luteni mpya, viatu vinang'aa, nikidhani uhandisi ni ramani na rula. Sajini wa kikosi, Mturkana mmoja aliyeitwa Ekal, alinipigia saluti safi kisha akanikabidhi sepetu fupi ambayo mpini wake ulikuwa umezungushiwa waya. Akaniambia kwa heshima zote kwamba choo cha kambi kinahitaji kuchimbwa na kwamba ofisa asiyechimba hawezi kuujua udongo. Nilichimba. Askari walipita mbali kidogo wakijifanya hawaoni, na jioni hakuna aliyecheka mbele yangu. Kama unataka kuongoza watu, huo ndio utaratibu ninaoujua mimi.

Baadaye tulipelekwa kaskazini kutengeneza daraja kwenye mto ambao mwaka mzima ni mchanga mtupu. Lori la maji likaharibika njiani. Vijana waliotoka sehemu za majani chai walianza kulamba midomo na kuzungumzia mama zao. Mimi na Ekal tulitazamana, tukachukua sepetu, tukateremka hadi mahali ambapo mto unakata kona, tukaanza kuchimba. Maji yalipoanza kujikusanya shimoni aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia mimi ni Mkamba wa Kola, mama yangu alinilea kwa maji ya namna hiyo.

"Basi ni kitu moja, afande," akasema. "Mimi na wewe tumekunywa mchanga."

Siku nilipoaga jeshi wenzangu walininunulia saa ya ukutani. Ekal alinipa ile sepetu. Saa ilikufa zamani.

Nilirudi darasani nikasoma sheria na watoto walioniita mzee kabla sijazoea kuitwa hivyo. Kisha nikaja kujifunza kazi hapa Machakos kwa Wakili Nzioka, aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa. Siku ya kwanza nilifika na vitabu vyangu vipya kwapani. Nzioka alivichukua, akavifungia kabatini, akanipeleka kwenye veranda ya mahakama na kuniweka kwenye benchi pamoja na watu waliokuwa wakingoja kuitwa. Nilikaa hapo juma zima. Alisema mtu wa huku husimulia kesi yake mara mbili: nje kwa lugha ya nyumbani, na ndani kwa lugha ya woga. Wakili anayeisikia ya ndani tu hajasikia kitu.

Alisema kweli. Mnawajua makarani wa kutafsiri. Nilimshuhudia mzee mmoja akieleza kwa Kikamba jinsi ng'ombe wa jirani alivyojikuta zizini mwake. Akataja kiangazi, akataja marehemu baba yake, akataja ua uliobomoka na urafiki ulioharibika. Alipomaliza, karani alimgeukia hakimu akasema, "Anakana." Hakimu akaandika.

Jambo la pili alilonifundisha Nzioka ni kwamba usimuulize mteja alifanya nini. Hilo polisi wameshaliandika, na kwa mwandiko mbaya. Muulize anaogopa kupoteza nini. Nimewauliza hivyo wezi, wajane, makasisi na wanasiasa, na ni wanasiasa peke yao ambao huhitaji muda wa kufikiri.

Ni kwenye veranda hiyo, nikiwa nimeshaapishwa kuwa wakili, nilikomkuta Mwaitu Syombua. Mwaitu kwa Kikamba ni mama yangu, na huku kwetu tunamwita hivyo kila mama aliyetuzidi umri tukamheshimu. Huyu nilimjua tangu utotoni, jirani yetu ng'ambo ya kijito, mjane aliyewasomesha watoto kwa shamba la michungwa. Siku hiyo alikuwa ameteremshwa kwenye gari la polisi pamoja na akina mama wenzake, vitambaa kichwani, mchanga umewakaukia miguuni. Walikuwa wameshtakiwa kwa kuzuia barabara na kuzua fujo. Nikamuuliza swali la Nzioka.

"Maji," akasema. "Niko na michungwa, wakili. Hiyo michungwa ndio baba ya watoto wangu saa hii. Maji ikienda, imeenda nayo."

Hapa lazima niwaeleze kidogo nyinyi mliozaliwa mjini huko Syokimau mkadhani maji huzaliwa ndani ya mfereji. Mwethya ni kundi la kazi. Kila boma hutoa mtu, na boma lisilotoa mtu hutoa kuku. Mwethya wa Mwaitu Syombua ulikuwa umejenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza kijito chetu. Mawe yalitoka mlimani, yakipita mkono hadi mkono, wimbo juu ya wimbo, na muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kwenye sufuria ya kanisa. Mvua ilipokuja, mafuriko yalibeba mchanga na kuumwaga nyuma ya ukuta, msimu baada ya msimu, hadi ukajaa. Mtu mgeni akipita anaona uwanja wa mchanga. Lakini mchanga ule umelewa maji. Jua haliyafikii, ng'ombe hawayachafui, na wakati wa kiangazi unachimba kidogo tu unachota. Hilo ndilo bwawa letu. Mchanga ndio tangi na ndio kifuniko.

Sasa alikuwapo mtu wa Mumbuni, tumwite Ndolo, mwenye malori na duka la vifaa vya ujenzi. Si mgeni, ni wetu kabisa, alikunywa maji kama hayo hayo akiwa mtoto. Ndiyo maana nimemkasirikia kuliko ninavyoweza kumkasirikia mtu wa mbali. Ndolo alikuwa amemaliza mchanga wa mito mingine, akaja akaona nyuma ya ukuta wa akina mama mchanga safi, umechujwa na kupangwa kwa jasho la watu, ukimngoja. Akaleta malori. Mchanga wetu ulikwenda ukakutana na saruji ya Athi River, wakaoana, wakazaa maghorofa Nairobi. Sisi hatukualikwa harusini.

Akina mama walipomwendea alijibu kwamba mchanga wa mtoni hauna mwenyewe. Ndipo wakapanga mawe barabarani, wakaketi juu yake wakiimba. Waliokamatwa ni wao. Ndolo alikuja mahakamani kama shahidi, amevaa suti, akanisalimia vizuri na kuniuliza habari za mama.

Niliomba mahakama itoke iende Kola ikaone kwa macho yake. Hakimu alikuwa mama wa pande za ziwa, mkali, asiyependa kupotezewa muda, lakini alikubali. Tulifika mahakama nzima: yeye, karani, inspekta aliyeongoza mashtaka, washtakiwa na wanakijiji waliosimama juu ya kingo. Inspekta alikuwa kijana mchangamfu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akapangusa jasho.

"Mheshimiwa, tumeambiwa hapa kuna bwawa," akasema. "Mimi naona mchanga tu. Hata bata haiwezi kuogelea hapa."

Watu wake wakacheka. Nilivua koti. Washtakiwa walitaka kuchimba wao, nikawakataza, maana mshtakiwa hatoi ushahidi kwa mikono kabla hajaapishwa. Nikatoa sepetu ya Ekal kwenye buti la gari, nikachagua mahali karibu na ukuta ambapo malori yalikuwa hayajafika, nikachimba nikiwa nimevaa tai. Haikuchukua muda. Mchanga uligeuka rangi, ukawa mweusi mweusi, kisha maji yakaanza kutokea pembeni polepole. Hakimu alichuchumaa, akavua miwani, akachota kwa kiganja akanawa uso. Kisha aliomba aonyeshwe mahali malori yalipochota. Huko nilichimba hadi nikagonga mwamba, na sepetu ikatoka kavu.

Nilidhani nimeshinda. Hukumu ilipokuja aliwaachilia akina mama wote, na aliandika maneno mazuri juu ya mwethya ambayo mnaweza kuyasoma mkipenda. Lakini kuhusu malori alisema yeye ameletewa shtaka la kuzuia barabara na si jingine, na kwamba sheria aliyo nayo mezani haimwambii mchanga wa kijito kile ni wa nani. Hakudanganya. Nilizisoma sheria zile upya, mstari kwa mstari, na mpaka leo nikikumbuka damu inanipanda. Sheria ilijua la kumfanya mwanamke aliyeketi barabarani. Haikujua la kumfanya mwanamume aliyebeba mto.

Juma lililofuata malori yalirudi, yakiingilia ng'ambo ya pili kupitia shamba la mtu aliyelipwa afungue ua wake. Mwaitu Syombua alipanda ngazi za ofisi yetu pamoja na wenzake, wakajaa chumba chote. Nzioka aliwaachia kiti chake akasimama mlangoni.

"Wewe ulisema sheria haioni mchanga," Mwaitu Syombua akaniambia. "Sheria inaandikiwa wapi?"

"Nairobi, mwaitu. Bungeni."

"Basi enda."

Wengine watawaambia waliitwa na taifa, au na Mungu. Mimi niliitwa na mwethya. Akina mama hao walinifanyia kampeni kwa mtindo ule ule wa kujengea ukuta: kila boma lilitoa mtu, na wimbo ukatungwa. Ulikuwa mwaka wa mabadiliko, watu walikuwa na matumaini mengi kuliko chakula, nikapita.

Siku ya kwanza bungeni jambo la kwanza nililoonyeshwa ni chumba cha chai, la pili ni mahali pa kuegesha gari. Maktaba niliitafuta mwenyewe. Nilipoipata nilimkuta mhudumu mmoja anayejua kila kitabu kilipo na mwenye kiu ya kuulizwa. Huko ndiko nilikoandikia hoja yangu. Haikuwa ndefu. Ilitaka serikali ilete sheria itakayosema kwamba mchanga uliokusanywa na ukuta wa watu ni wa watu hao, na kwamba anayetaka kuuchota awaombe wao kwanza. Nilingoja zamu kwa muda ambao mtoto angezaliwa akatembea, kwa sababu hoja za mbunge wa kawaida hupewa Jumatano asubuhi tu, na Jumatano asubuhi wengi walikuwa bado wanatafuta soksi.

Zamu ilipofika niliwatumia habari akina mama, wakakodi gari wakaja. Waliketi kule juu, mahali pa wageni, na askari wa bunge akawaonya kwamba mgeni hasemi, haimbi, wala hapigi makofi. Mwaitu Syombua alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Nilisimama nikaeleza. Nilieleza juu ya ukuta, na michungwa, na hakimu aliyenawa uso, nikaona wachache waliokuwapo wameacha kusoma magazeti. Nilikuwa sijafika hata kwenye mfano wangu wa pili, mheshimiwa mmoja alipoinuka kwa hoja ya nidhamu. Hakuwa na neno juu ya mchanga. Alitaka tu Spika ahesabu waliomo.

Akidi ilikuwa thelathini, na hatukufika. Kanuni inasema kengele ipigwe, wabunge waje. Ikapigwa. Kengele ile wengi wenu hamjaisikia: inafika vyooni, inafika chumba cha chai, inafika mpaka barabarani kwa wauza karanga. Tulikaa tukiisikiliza. Mlango ulibaki umefungwa. Mimi nilikuwa nimesimama na karatasi yangu, na kule juu akina mama wamesogea mbele viti vyao ili waone watakaoingia. Hakuingia mtu. Spika akaahirisha kikao kama kanuni zinavyomtaka, na hoja yangu ikafia hapo, mdomoni.

Nilikutana na akina mama uani. Hawakuwa wameelewa.

"Wameenda kuleta wengine?" Mwaitu Syombua akaniuliza.

"Imeisha, mwaitu. Hawakutosha."

Akafikiri. "Kwa hivyo hawajakataa?"

"Hawajakataa. Hawakuwapo."

"Heri wangekataa," akasema. "Mtu akikukataa, unakuwa umeona uso yake."

Nilipoingia chumba cha chai kuchukua koti langu kulikuwa na watu wa kutosha kupitisha hoja mbili. Yule mheshimiwa aliyeomba hesabu alinisogezea kiti. Alisema hakuwa na ubaya nami, ila ni mtu wa ujenzi kidogo, na mchanga ni wa Mungu. Akauliza kama nataka kumwekea Mungu askari. Nilimjibu jibu ambalo halikuingia kwenye kumbukumbu rasmi za bunge, na mke wangu amenikataza kuliandika hapa. Niliirudisha hoja ile kwenye foleni, nikairudisha tena. Zamu haikufika mpaka muhula ukaanza kwenda ukingoni.

Sasa nifike kwenye siku ya kanisa, ambayo wengi mmeisikia vibaya. Kanisa letu la Kola lilikuwa dogo na la mabati, tukataka la mawe. Ikaitwa harambee. Mimi nilikuwa mgeni wa heshima, wa kuweka jiwe la msingi na mwiko mpya uliofungwa utepe. Nilipoteremka kwenye gari niliona rundo kubwa la mchanga kando ya hema, limefunikwa maturubai, na maua yamewekwa juu. Nikasogea. Mtu aliyelelewa na mchanga huujua. Ulikuwa ule wetu, mwepesi, wenye chembe za kumetameta, na ndani yake kulikuwa na vipande vya saruji ya ukuta.

Mwendesha harambee akashika kipaza sauti. Akatangaza kwamba Bwana Ndolo, mwana wa nyumbani, ameitolea nyumba ya Mungu mchanga wote wa ujenzi bila kudai kitu. Watu wakapiga makofi. Akina mama wa mwethya, walewale, wakapiga vigelegele kwa sababu kanisani anayetoa hupigiwa vigelegele na mdomo umeshazoea. Mwaitu Syombua peke yake hakupiga. Alikuwa analitazama rundo. Ndolo aliinuka akainama kidogo, na mwendesha harambee akageuka kwangu, akaniuliza kama mbunge atakubali kushindwa na mfanyabiashara.

Nikachukua kipaza sauti. Nimewahi kusema maneno mengi kwa malipo. Haya yalikuwa ya bure.

"Mchanga huu ni wa mwethya," nikasema. "Aliyeutoa si mwenyewe. Mtu hawezi kuiba ndoo ya mama yake halafu ampelekee Mungu kama sadaka. Mimi sitaweka jiwe juu ya mchanga huu mpaka wenye mchanga waombwe."

Mchungaji, mtu mwema ambaye hakupenda ugomvi, alinisogelea na kuninong'oneza kwamba siku ya Bwana si siku ya siasa. Nikamwambia wizi nao haukungoja Jumatatu. Nikauweka mwiko na utepe wake juu ya meza, nikaketi. Ndolo alitabasamu tu, akainuka akaliweka jiwe yeye mwenyewe, na kwaya ikaanza kuimba kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Baadaye Mwaitu Syombua alikuja hadi mlango wa gari langu.

"Umesema kweli," akasema. "Lakini umetuaibisha mbele ya wageni."

"Mwaitu, aliyewaaibisha ni mimi au ni yeye?"

"Yeye alituibia mtoni. Aibu ya mtoni tulikuwa tumezoea." Kisha akanishika mkono kupitia dirishani, akaushikilia kidogo, akaenda kusaidia kupakua chakula.

Sikumkasirikia yeye. Nilikasirika kwamba mwanamke kama huyo alifundishwa kuzoea. Kampeni iliyofuata haikuhitaji hata mikutano. Ilitosha kusemwa sokoni kwamba yule ndiye mbunge aliyekataa kuweka jiwe la nyumba ya Mungu. Nilishindwa, tena vibaya, na katika kituo cha kura cha Kola nilipata kura ambazo ningeweza kuzitaja kwa majina. Msinionee huruma. Yule aliyepata kiti alikuwa mtu wa kutabasamu, na watu wetu walikuwa wamechoka kugombezwa.

Mvua ya mwisho wa mwaka huo ilikuwa kubwa. Malori yalikuwa yamechota mpaka chini ya msingi wa ukuta, upande wa mbele na wa nyuma, na mafuriko yalipokuja ukuta haukuwa na cha kuegemea. Ukapasuka katikati. Mchanga uliokuwa umebaki ukaondoka kwa siku moja, ukapita Kola ukienda zake. Kiangazi kilichofuata michungwa ya Mwaitu Syombua ilikauka kuanzia juu. Aliivumilia msimu mmoja, akiibebea maji kwa punda kutoka mbali, kisha akaikata akachoma makaa. Mimi nilinunua gunia moja la makaa yale. Sijaweza kuyawasha.

Nilirudi ofisini juu ya duka la vitambaa. Nzioka alikuwa amekwisha kufa na kiti chake kilikuwa kinaningoja. Nilifanya kazi miaka mingine kadhaa, mirathi, mipaka, talaka, mpaka macho yakaanza kudai mapumziko. Mwezi uliopita mlinifanyia sherehe. Mlisema maneno mengi mazuri na mkanipa saa ya ukutani. Nashukuru. Sasa nimekuwa na mbili.

Jumapili iliyofuata sherehe hiyo tulimpeleka mjukuu wangu kubatizwa Kola, katika kanisa lile lile la mawe. Ni kanisa zuri, sitaki kusema uongo. Kuta zimenyooka na plasta yake inametameta asubuhi jua likiingia madirishani, na mimi najua kwa nini inametameta. Tuliketi tukangoja. Ibada haikuanza. Mchungaji mpya, kijana, alitoka nje mara nyingi kutazama barabara. Nikamuuliza shida ni nini, akaniambia kwa unyenyekevu, "Tunangoja maji, mheshimiwa."

Lori likafika. Nililijua kabla halijasimama. Lilikuwa mojawapo ya yale malori ya mchanga, limepakwa rangi upya, na mahali pa mchanga pamefungwa tangi kubwa jeusi la plastiki. Siku hizi Ndolo huleta maji kutoka mjini na kuwauzia watu wa Kola kwa mtungi. Dereva alikuwa yule yule wa zamani, mzee kama mimi. Akaniamkia kwa adabu, akafungua bomba, na watu wa kanisa wakapanga mitungi yao. Mchungaji akachukua beseni lake la ubatizo akasimama kwenye foleni nyuma ya mwenye hoteli. Mjukuu wangu alibatizwa kwa maji hayo, ndani ya kuta zile, na waumini wakasema amina.

Tulipotoka Mwaitu Syombua alikuwa kwenye benchi la nje, fimbo mkononi. Masikio yake yamekuwa mazito, lakini akili haijahama. Aliomba apewe mtoto, akampakata, akamtemea mate kidogo kifuani kumbariki kama desturi yetu ilivyo. Kisha akaniambia amesikia nimestaafu. Nikasema ndiyo, mwaitu, nimechoka.

"Na ile kesi yetu ya mchanga?" akauliza. "Ile ya mchanga ni wa nani. Iliamuliwa?"

"Bado, mwaitu."

Akamfunika mtoto, aliyekuwa amelala mikononi mwake.

"Sasa kama bado," akasema, "wewe umestaafu nini?"

Nimeandika kurasa hizi kwa sababu sikumjibu. Ukuta unaweza kujengwa tena, mawe yako pale pale mlimani, na mabinti wa mwethya ule wamekuwa akina mama wenye mikono yao. Hawatajenga mpaka wajue kwamba mchanga ukijaa utakuwa wao, na mimi siwezi kuwaambia wajenge wakati sheria bado haioni. Hoja yangu iko katika maktaba ya bunge, mhudumu anajua rafu. Hukumu ya hakimu wa ziwa iko hapo chini mahakamani. Nyinyi mnayo macho na miguu. Sepetu ya Ekal nimeiacha ofisini nyuma ya mlango, waya wa mpini nimeukaza upya. Anayeitaka aje aichukue, lakini avae viatu ambavyo hajali vikiingia mchanga.